Suruali ya Kapteni na Dakika Zangu Sita

Chumba cha nyuma, dukani kwangu,
Jumapili baada ya chakula cha mchana,
Tarehe 21 Septemba.

Mpendwa Wifi, mwenye maneno mengi na barua chache,

Kabla ya yote, u mzima? Goti limetulia? Mara ya mwisho ulisema unapanda ngazi za pale hospitali kwa kujivuta, nami nikamwambia kaka yako kwamba dada yake ameamua kuzeeka mapema ili ahurumiwe. Akacheka, halafu akanuna, unamjua alivyo. Na bwana wako je, kazi zinakwenda? Watoto wanakua? Mwambie yule mdogo shati lake la shule liko tayari, ila mikono nimeiacha mirefu kidogo, maana kwa picha uliyotuma naona ameamua kurefuka bila kumwuliza mtu.

Sisi huku wote wazima kabisa. Mama presha yake imetulia, anakula vizuri na anagomba vizuri zaidi, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Binti yetu mkubwa amemaliza mitihani na anatembea kama mtu aliyestaafu. Kitinda mimba ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa anazungumza kwa kupuliza.

Kaka yako naye hajambo. Wiki mbili nilipokuwa kambini alipika yeye. Watoto wananiambia siku tisa kati ya hizo kumi na nne zilikuwa za mayai. Nilipomwuliza akasema mayai yana nguvu, na kwamba hakuna aliyekufa. Sikubisha, kwa sababu sufuria nilizikuta zimesuguliwa zinang'aa, jambo ambalo hata wewe uliyemlea hukuwahi kuliona.

Sasa tuje kwenye lililonifanya nishike kalamu. Juzi uliponipigia simu, mtandao ulikatika nikiwa ndiyo kwanza nimesema, "Wifi, nimeshika suruali ya kapteni nyuma ya ukuta," na tangu hapo simu yako haipatikani. Najua kichwa chako kinavyofanya kazi. Nakuomba usimwandikie kaka yako chochote kabla hujaisoma barua hii mpaka mwisho. Yeye habari yote anayo, na amecheka mpaka amepaliwa.

Nianze na mwaka jana, maana hili hujalijua vizuri. Unakumbuka kwamba sisi askari wa akiba kila mwaka tunaitwa kambini wiki mbili, na mwisho kuna matembezi ya mzigo: kilomita kumi na tano, shanta mgongoni, kwa saa mbili na dakika arobaini na tano. Mwaka jana nilichelewa kwa sekunde arobaini. Sekunde, Wifi! Sikukuambia kwa sababu niliona aibu. Ukishindwa mara moja unaonywa. Ukishindwa miaka miwili mfululizo, unavua magwanda palepale kwenye mstari wa mwisho, mtunza stoo anayatia kwenye gunia, nawe unarudi nyumbani na nguo zako za kiraia. Hakuna barua wala kuitwa ofisini. Ndivyo alivyoondoka yule fundi bomba aliyezibua karo lenu kabla hujasafiri. Miaka ishirini ya kazi, akarudi na fulana ya njano. Siku hizi akifika karibu na duka langu anavuka barabara ili asinisalimie.

Mimi sikutaka fulana ya njano. Nakuambia wazi kwa sababu wewe ni wewe. Nilijiunga kabla sijaolewa na kaka yako, na mwaka mzima ninakaa kwenye cherehani nikiwapima watu viuno na mabega. Wiki mbili tu kwa mwaka ndipo mimi ninapopimwa. Huko siitwi mama fulani wala fundi, naitwa Koplo, au Mkasi kwa utani, na watu wananyamaza nikisoma ramani. Ningenyang'anywa hilo ningelia mpaka leo.

Kwa hiyo nilijiandaa. Kila alfajiri, mwaka mzima, nilijaza shanta zile pasi mbili za mkaa alizoacha bibi, nikazisokotea vipande vya kitambaa zisinigonge, nikatoka nje kimyakimya kwenda mpaka kwenye mizani ya malori na kurudi. Jirani yetu muuza magodoro aliponiona mara ya tatu natoka na mzigo kabla ya jua, alimvuta kaka yako pembeni na kumwuliza kwa upole kama nyumbani tunaelewana. Kaka yako, badala ya kueleza, akajibu kwamba huwa naondoka lakini narudi kwa sababu akipika yeye ni mayai tu.

Sasa kuna jambo la wiki moja kabla ya kambi, nalo ni siri ya kombania nzima, kwa hiyo ukimaliza barua hii uifungie. Magwanda yetu tunakaa nayo nyumbani. Mwaka mzima yananing'inia kabatini yamepigwa pasi, wakati wenyewe wanaendelea kula. Inapobaki wiki moja, kila mtu anajaribu suruali yake chumbani, mlango umefungwa, halafu ananikumbuka. Wanaingia dukani mmojammoja, kifurushi kwapani, wakizungumzia hali ya hewa. Kinyozi anakuja. Daktari wa mifugo, ambaye ndiye mganga wetu wa kambini, anakuja. Kila mmoja ananiapisha kwamba nisimwambie mtu, na kila mmoja anadhani yuko peke yake duniani. Mimi nafumua mshono wa nyuma, naachia kile kitambaa cha ziada, nashona upya, basi. Mwaka huu zilikuwa suruali kumi na moja, rangi moja, zote za kijani, zimepangwa mezani kama mboga za majani sokoni.

Ya kumi na moja ilikuwa ya kapteni wetu. Huyo humjui, alikuja baada yako kuondoka. Siku za kawaida ni mwalimu mkuu wa shule ile iliyo karibu na uwanja, mtu makini, sauti nzito, asiyecheka kabla ya saa nne. Nilimwambia aje Alhamisi. Akaja Jumatano, kofia imeshushwa hadi nyusi. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeipiga bandi ile suruali yake, ile mishono mirefu ya uzi mweupe ya kushikiza tu kabla ya kuipitisha kwenye cherehani. Kabla sijafungua mdomo, mlangoni akatokea kinyozi. Kapteni akaruka nyuma ya pazia la kujaribia nguo! Kinyozi akasimama pale robo saa akinieleza kuhusu jino lake. Nilipomsindikiza hadi mlangoni na kugeuka, pazia lilikuwa linacheza, mlango wa nyuma uko wazi, na suruali haipo mezani.

Ungekuwa wewe ungemkimbilia. Mimi nilikuwa na kumi nyingine za kumaliza, rangi ileile, na kufikia jioni nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba ya kapteni niliimaliza. Uchovu ni kitu kibaya.

Kambi yenyewe ilikuwa ya furaha kama kawaida. Tulichimba mahandaki ambayo hayakuwa na adui. Mhudumu wa mapokezi wa hoteli, aliyewekwa zamu ya lango, alimwona meja wetu anakuja, na badala ya kumsimamisha na kumwuliza ni nani akamwambia, "Karibu sana, safari ilikuwaje?" Meja ni mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo ambayo haihitaji kukua. Akamjibu kwamba safari ilikuwa njema, na kwamba lango limeshatekwa.

Siku ya mwisho ikafika. Tumepangwa mstarini, shanta mgongoni, na kapteni, ambaye siku zote alikuwa akivaa suruali nyingine, ile ya zamani iliyofubaa, siku hiyo amevaa ile nzuri. Kwa nini? Kwa sababu mwaka huu mwisho wa matembezi uliwekwa kwenye uwanja wa shule, shule yake mwenyewe, na wanafunzi wote walikuwa wamepewa ruhusa kusimama kwenye uzio kutushangilia. Akageuka kutukagua wa mstari wa nyuma. Hapo nikauona uzi mweupe. Ulining'inia katikati ya mshono, urefu wa kidole. Wifi, damu ilinishuka mpaka kwenye buti.

Nifanyeje? Nimwite mbele ya watu? Nilikuwa nimeapa. Filimbi ikalia, tukaondoka. Nikajiambia labda bandi itashika. Mtu anayejua kushona hawezi kujidanganya hivyo kwa muda mrefu, lakini nilijitahidi.

Kapteni hutembea mwishoni kabisa, nyuma ya kila mtu, ili asibaki askari njiani. Na mimi, ingawa nilikuwa najimudu, sikuwa mbele ya mtu yeyote. Kwa hiyo kilomita kumi na mbili zote nilizitembea nikimsikia nyuma yangu, buti zake na pumzi zake, huku nikiiombea suruali. Kwenye jiwe la kilomita kumi na mbili nilitazama saa. Nilikuwa nimeutangulia muda wangu kwa dakika mbili nzima! Nilitaka kuimba. Hapo kuna mtaro mpana wa kuvuka. Nikaruka mimi. Akaruka yeye. Nikasikia sauti ambayo kila fundi anaijua.

Alisimama wima kama nguzo, mikono nyuma. Mshono ulikuwa umeachia kuanzia kiunoni hadi kusikosemeka. Koti hana, siku ilikuwa ya jua kali. Mbele yetu kilomita tatu, na mwisho wake wanafunzi mia saba wa shule yake.

"Endelea, Koplo," akasema. "Muda wako."

Nikaenda hatua tano. Nakiri kwako, nilikwenda hatua tano kamili, na ya sita nikaianza. Nikajua kwamba nikiendelea nitapita, nitabaki na sare yangu, halafu kila nitakapoivaa nitauona ule uzi mweupe. Nikarudi. Nikamwambia, "Afande, kosa ni langu. Hiyo ilikuwa bandi. Sikuimaliza."

Akanitazama kwa muda ambao sikuwa nao. Halafu akasema, "Una sindano?"

Nina sindano! Ningekosa maji, sindano sikosi. Kulikuwa na ukuta wa tangi la maji kando ya njia. Akaingia nyuma yake, suruali ikarushwa juu ya ukuta ikaniangukia kichwani. Nikakaa chini, shanta bado mgongoni, nikashona. Hapo ndipo nilipokuwa nimefika juzi katika kukusimulia, simu ikakatika, kwa hiyo sasa unaelewa. Yeye alikuwa upande wa pili, amejizungushia ramani ya mafunzo kiunoni, ile kubwa ya karatasi ngumu, na kila upepo ulipovuma nilisikia ramani ikilia.

"Bado, Koplo?"

"Afande, ukinihimiza nitajichoma."

"Wewe ulisema Alhamisi," akasema. "Mimi nikaja Jumatano. Hata wanafunzi wangu siwakubalii hivyo."

Nilishona kwa uzi uliokunjwa mara mbili, mshono wa kurudia, haujaachia hadi leo. Dakika sita. Halafu tukakimbia. Kilomita tatu, Wifi, mimi huyu unayenicheka kwamba nimenenepa mashavu, nilikimbia na shanta hadi nikaona nyota mchana. Tuliingia lango la shule watoto wakipiga kelele na kupunga vitambaa, nami nikauvuka mstari na kusimama mbele ya karani anayeandika muda. Hakuniangalia usoni. Saa mbili na dakika arobaini na saba.

Dakika mbili zilizidi. Mtunza stoo alikuwa pale na gunia lake. Ni mtu mpole, tunafahamiana, nimemshonea mapazia. Akalifungua gunia polepole, akatazama pembeni. Nikaanza kufungua mkanda, na vidole, hivi hivi vya kazi, vikakataa kuufungua. Sikulalamika. Nilikuwa nimechagua mwenyewe kule njiani.

Hapo nikasikia ile sauti nzito. "Meja, naomba kusoma taarifa ya majeruhi."

Kuna kanuni yetu moja ya zamani: anayesimama njiani kumhudumia majeruhi hurudishiwa dakika alizotumia. Sharti lake ni kwamba majeruhi mwenyewe, kama anaweza kusimama, aisome taarifa kwa sauti mbele ya kombania yote, aseme aliumia wapi na alisaidiwaje. Mimi kanuni hiyo haikunijia kabisa kichwani, maana nani aliumia? Kapteni akasogea mbele. Nyuma yake kwenye uzio wanafunzi wake mia saba walikuwa wamenyamaza kumsikiliza, kama walivyozoea kila asubuhi. Angeweza kukaa kimya. Hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa anajua isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa nimeapa.

Akasoma. "Majeruhi: kapteni. Mahali: mtaro wa kilomita ya kumi na mbili. Sehemu iliyoumia: suruali, mshono wa nyuma, wote. Chanzo: majeruhi ameongezeka kiuno, akaona haya kusema, akaichukua kabla haijamalizwa. Huduma: Koplo aliishona kwa dakika sita, majeruhi akiwa amejisitiri na ramani."

Kwenye uzio mtoto mmoja akacheka, na baada ya huyo mmoja ikawa shule nzima. Sisi tuliokuwa mstarini tuliuma midomo mpaka ikauma.

Meja hakucheka. Akamgeukia daktari wa mifugo, akamwuliza kama suruali ni jeraha. Daktari akafikiri, akamwuliza kapteni, "Ungeweza kuendelea bila msaada?"

Kapteni akatazama uzio, akajibu, "Siyo kwa kupita hapa."

"Basi ni majeruhi," daktari akasema. "Na kwa kweli ni mgonjwa wangu wa kwanza mwaka huu aliyeweza kunieleza anaumwa wapi."

"Mrudishieni dakika zake," akasema meja.

Karani akakata, akaandika upya: saa mbili na dakika arobaini na moja. Mtunza stoo akalifunga lile gunia haraka kana kwamba ningebadili mawazo. Kinyozi akanibeba, shanta na yote, na katikati ya kelele hizo akapiga ukelele, "Hata yangu alipanua!" Mwingine akadakia, "Na yangu!" Wakatazamana kwa mshangao, watu wazima kumi na moja, miaka yote hiyo kila mmoja akidhani ni yeye tu. Nami nilicheka na kulia kwa pamoja mpaka pua ikaharibu mambo. Tulipokuwa tunatawanyika meja akanipitia karibu, akaniambia kwa ile sauti yake ndogo kwamba ana kifurushi ndani ya gari, na ataniletea Alhamisi.

Kapteni nilimshukuru. Akaniambia nisimshukuru, kwa kuwa Jumatatu atakuwa na kazi ngumu ya kuwanyamazisha watu mia saba. Nasikia walipomwona asubuhi walimpigia makofi.

Sasa nikuambie la nyumbani, ambalo ndilo hasa nililotaka ulijue. Unamjua mama yako. Miaka kumi na minane niliyoolewa hajawahi kuniuliza mafunzo yalikwendaje. Kwake yeye ule ni uzururaji wa mke wa mtu. Kumbe siku ile, tangu saa sita, alikuwa ameomba kiti chake kiwekwe dirishani, akakaa pale na ungo wa maharage anayachambua. Binti yetu anasema yale maharage yalichambuliwa mara nne. Kaka yako alikuwa amemweleza habari ya gunia: kwamba nikitokea na nguo za kiraia watu wote waninyamazie, waniwekee chai, wasiniulize kitu.

Nikatokea mwanzo wa mtaa. Sikukimbia, nilitaka wanione vizuri. Nikasikia binti yetu akipiga kelele, "Amevaa! Baba, amevaa!" Na kabla kaka yako hajatoka mlangoni nikamwona mama dirishani anahangaika kusimama, anasukuma kiti, maharage yanamwagika sakafuni, na yeye hayatazami. Akasimama. Akanyoosha mgongo wote ule wa miaka sabini na tano, akaniinulia mkono kichwani, mkono wa kushoto, kiganja kimegeukia kusikotakiwa.

Nimepiga saluti nyingi, Wifi, kwa watu wenye nyota mabegani. Nilisimama mguu sawa katikati ya mtaa, muuza magodoro akinishangaa, nikampigia mama yako saluti ambayo sijawahi kumpigia meja. Wala sikuushusha mkono mpaka yeye aliposhusha wake.

Basi, hayo ndiyo ya suruali. Msalimie sana bwana wako, na watoto wote wawili, na yule rafiki yako wa zamu ya usiku aliyeniomba kipimo cha gauni. Mama anakusalimu, anasema uvae soksi. Kaka yako anakusalimu, anasema hakuwa na wasiwasi hata kidogo, usimwamini. Kitinda mimba anakusalimu kwa kupuliza. Mwenyezi Mungu akulinde uendako na urudiko, akuponye goti, na akurudishe kwetu ukiwa mzima na mwenye habari.

Ni mimi wifi yako nikupendaye sana,
Koplo bado.